Kushi na Fundi wa Sakafuni

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako anakusalimu. Duka letu la ushonaji hapa Malvern, Johannesburg, limefungwa tangu zile fujo za kuwashambulia wageni, mengine niyaache.

Umeuliza Kushi, ule ufalme wa kale wa kusini mwa Misri uliokuwa koloni lake, ulipataje kuitawala Misri yenyewe. Wakushi walifanya biashara na Wamisri, wakachukua maandishi yao, miungu yao, hata mataji. Misri ilipodhoofika, walikuwa tayari.

Nikiwa kijana kule kwetu Uvira, Kongo, fundi cherehani aliyenifundisha alituketisha wanafunzi wake sakafuni, juu ya mkeka. Kiti kilikuwa chake peke yake. Nilijifunza mikato yake ya nguo, nikawajua wateja wake, nikafungua duka langu. Miaka ikapita, akaja kwangu kuomba kazi, macho yamechoka.

Nikamwonyesha mkeka.

Akaketi pale chini, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Mimi, kwenye kiti, nikaona kwamba nimejifunza kwake kila kitu, hata kumketisha mtu sakafuni.

Babu yako