Birika la Chini ya Ghala

Mutsamudu, 4 Machi 1989

Mdogo wangu Chaher,

Assalaam alaikum. Sisi tupo, alhamdulillah. Mama anakula kidogo. Wewe hujambo huko Moroni, mtaani Magoudjou? Kifua kimepona?

Mouhidine hajarudi. Alikwenda Moroni kununua vitabu vya madrasa yake, na hii ni wiki ya tatu. Aliyepanda naye ndege uwanja wa Ouani anasema askari wa wale wazungu wanaomlinda rais walimshusha kwenye teksi, wakamkuta na karatasi za kuilaumu serikali. Nimelia mpaka machozi yamekwisha, sasa napika tu. Wewe uko ofisi ya ujenzi, unawaona wakubwa. Nitafutie mume wangu.

Dada yako,
Hadjira

Moroni, 15 Machi 1989

Dada yangu,

Waalaikum salaam. Kifua kimetulia. Nibusie mama mikono.

Nimeuliza huku na huku. Hakuna anayejua, au hakuna anayesema. Barua hii anakuletea rafiki yangu Nouriat mkononi, kwa hiyo naandika wazi.

Tumeletewa kompyuta ya kuchorea. Unajenga nyumba nzima ndani yake, ukuta kwa ukuta, unaigeuza uitazame utakako. Halafu unachagua sura chache: ya juu, ya mbele, na moja ya kuipasua nyumba kama papai, ndani kuonekane. Unazipanga kwenye karatasi moja. Watu wa nje huiona karatasi tu.

Mimi nimepewa kambi ya wazungu. Vipimo wameleta wao. Chini ya ghala pana birika la maji ya mvua. Dada, umewahi kuona birika la Moroni lisilo na mfereji kutoka paani? Hili halina. Lina mlango wa chuma na tundu la hewa. Nadhani shemeji yumo humo.

Mkuu wangu ameniambia, "Ukipasua, pasua jikoni. Ghala liache." Nisipopasua ghala, hakuna sura itakayolionyesha birika.

Mdogo wako,
Chaher

Mutsamudu, 22 Machi 1989

Chaher,

Salaam. Mama hajambo.

Pasua ghala! Unangoja nini? Atakayeishika karatasi hiyo, awe nani, alione hilo birika. Watoto wananiuliza baba yao, nawaambia kesho, kesho. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako,
Hadjira

Moroni, 9 Aprili 1989

Dada yangu,

Assalaam alaikum. Natumai mama anaendelea vizuri.

Karatasi imetoka jana. Nilipasua jikoni. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu tangu asubuhi. Sikufuta kitu, wallahi, birika bado limo ndani ya mashine. Sikuliweka tu kwenye karatasi. Nikatia sahihi. Kisha nikaenda mgahawani kwa Koultoumi nikala wali, nikaumaliza wote.

Naogopa, dada. Nisamehe.

Mdogo wako,
Chaher

Moroni, 2 Juni 1989

Dada yangu,

Assalaam alaikum. Hamjambo? Hii ni barua ya tatu hujanijibu. Mama yu hai? Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mdogo wako,
Chaher

Mutsamudu, 30 Julai 1989

Chaher,

Salaam. Mama yu hai.

Mouhidine amerudi Jumanne. Magoti hayanyooki. Anakaa barazani, madrasa hataki kuisikia. Nafurahi, nadhani. Bado sijajua.

Amenieleza. Mwezi wa Mei walikuja wageni kutoka ng'ambo kutafuta waliokamatwa. Aliwasikia juu ya kichwa chake, ndani ya ghala, wakikunjua karatasi. Mmoja alihesabu vyumba kwa Kifaransa, akasema, "Vyote tumeviona." Wakaenda zao. Wafungwa huko chini walikuwa wamefungwa vitambaa vinywani.

Birikani walikuwa wawili. Wa pili ni Ibouroi, fundi cherehani wa Mirontsy. Alifariki siku ya tisa baada ya wageni kuondoka. Mouhidine ndiye aliyemfumba macho.

Sasa kila siku baada ya alasiri ananiuliza ile karatasi aliichora nani. Namwambia sijui. Nimechoka kusema sijui. Panda ndege uje umjibu mwenyewe, kisha nikusindikize Mirontsy kwa mama yake Ibouroi.

Hadjira