Alichokikimbia Deo

Jumatatu, 7 Aprili
Kuwinga ndege tangu asubuhi. Sauti imekauka. Kwelea kwelea hawaishi. Mvua mchana kutwa, maji yamepita matuta ya mpunga. Mimi na Deo tumehamishia turubai juu ya kichuguu, ndipo pakavu pekee. Mwenye shamba amesema kwenye simu tusubiri, ataleta mtumbwi. Kisha simu ikaisha chaji.

Jumanne, 8 Aprili
Maji yanafukuza vilivyo ardhini. Kidude kimetoka kwenye udongo pembeni ya turubai. Cha pinki, urefu wa kalamu, pete pete kama mnyoo. Hakina miguu. Macho ni vidoa viwili chini ya ngozi. Mkia butu kama kichwa, kinarudi nyuma sawa na kinavyokwenda mbele. Nilikishika. Kina mifupa, si mnyoo. Kilisukuma kidole changu kwa kichwa, kikitafuta pa kuchimba. Nikakiweka chini, kikameza mchwa, kikazama.
Deo aliruka. "Msukuma, tupa! Nyoka wa vichwa viwili huyo! Huku anauma na huku anauma!"
Nikamwambia huku ni mkia, kaka.
"Mkia wa kwenu Maswa."
Nilicheka. Yeye hakucheka. Bibi yake wa Mahenge alimwambia nyoka huyo akikugusa unazikwa.

Jumatano, 9 Aprili
Vimetoka vingine. Deo hajalala wala hajakaa. Anasimama na fimbo. Anasema bora maji, atatembea mpaka barabara ya Lumemo. Maji ni ya kifua na yana mkondo. Nimemsihi. Nimemvuta shati. Mchana akaingia. Nilikiona kichwa chake mpaka kwenye matete, kisha sikukiona. Sijui kuogelea. Nimeita tu.

Alhamisi, 10 Aprili
Naita. Hakuna jibu. Ndege wanakula mpunga. Waache wale.
Namchukia. Namuogopea.

Ijumaa, 11 Aprili
Mtumbwi umekuja, mwenye shamba na mpiga kasia. Deo walimkuta kwenye matete. Wamemfunika shuka.
Mwenye shamba akauliza alikuwa anakimbia nini, na kichuguu ni kikavu. Nikafukua kwa mkono, nikamwonyesha kidude kimoja.
"Hiki?"
"Hicho, bosi."
Nikakirudisha kwenye udongo, nikafukia. Nikapanda mtumbwi, nikakaa miguuni pa Deo. Shuka ilikuwa fupi. Nikaivuta kidogo.