Mkanda Ulipotetemeka Kushoto

Quitunda

Dada Rachida, shikamoo.

Barua hii anaiandika jirani yangu Felismina; mimi namtajia maneno, maana kama ujuavyo, sioni. Muhogo umeshika vizuri. Ule mkanda niliopewa wa kufunga kiunoni, unaotetemeka upande wenye kizuizi, nimeuzoea. Natembea peke yangu.

Juzi mchana nilisikia risasi, nikarudi haraka kutoka shambani. Nilipofika uani mkanda ukatetemeka kushoto, pasipo ukuta wala mti. Nikauliza, "Nani?" Nikanyoosha mkono, nikagusa shavu lenye machozi.

"Nyamaza, Wahida," Felismina akaninong'oneza. "Wenye bunduki wanapita."

Tukalala chini tumekumbatiana. Mkanda ukamhisi, ukazidi kuvuma, nikaufungua nikaufukia mchangani wasiusikie.

Walipita. Lakini naogopa, dada. Njoo utupeleke huko Mtwara, sote wawili.

Mdogo wako,
Wahida