Rangi ya Mlango wa Mama

Mdogo wangu Masanja,

Rangi yako imeisha leo. Naanza na hilo, ulijue kabla hasira hazijanipanda.

Unakumbuka siku uliyokuja kuchukua boksi karakana kwetu, Kambarage? Ulilipakata ndani ya basi hadi Runzewe kama mtu anayetoka kliniki na mtoto. Boksi la chuma tu, la kuwekea kifaa cha kuonya hewa mbaya chini ya duara lenu, shimo lenu la kuchimbia dhahabu. Nilikueleza huku unamaliza karanga zangu. Chuma kitupu kinapitisha umeme, ila unyevu wa shimoni unakila. Rangi inazuia kutu, ila haipitishi umeme. Ndiyo maana tunalichovya kwenye zinki: kutu inakaa mbali, na mfuniko na boksi bado vinagusana chuma kwa chuma. Vikigusana, vurugu za umeme wa mota ya pampu zinaishia nje, na kifaa kinatulia.

"Kwa hiyo limejifunika gubigubi," ulisema.

"Ndiyo. Sasa ukingo wa mfuniko usiuguse."

"Dada, we unaniona mtoto."

Mtoto hukuwa. Ulikuwa mtu asiyeweza kupita chuma kilichofifia akakiacha. Baiskeli ya baba uliipaka, banda la kuku ukalipaka, na Krismasi ile ukapaka mlango wa mama kule Ushetu, bluu ya kung'aa, majirani wakaja kuutazama. Kopo lililobaki ukarudi nalo machimboni.

Humo shimoni zinki ilikuwa imeanza kutoa unga mweupe. Ndiyo kazi yake, Masanja. Zinki inakubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Wewe ukaona boksi la dada yako linaoza mbele za watu. Baba Neema, uliyekuwa ukizama naye kila siku, ameniambia ulivyosema: "Kazi ya dada yangu haiwezi kuharibikia humu." Ukafungua mfuniko, ukapaka kila mahali, na ukingo pia, ukarudia mkono wa pili.

Tangu hapo pampu ikiwashwa tu, kifaa kinapiga kelele. Mnapanda mbio, hewa ni safi. Mnashuka, kinalia tena. Mwenye duara akasema kimekuwa kizushi, kikazimwa. Nani alizima sikuuliza. Kwa uchovu ule, yeyote kati yenu angezima. Asubuhi ile hewa mbaya ilipokuja kweli, kifaa kilikuwa kimya, na wewe ndiye uliyekuwa umetangulia chini.

Wenzako waliponiletea boksi nilifungua mfuniko. Bluu ilikuwa imelala sawasawa ukingoni, hakuna hata tone lililochuruzika. Nililia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe, kwa kazi safi namna ile. Mpaka sasa nakukasirikia.

Mwenye duara ameagiza jingine. Safari hii nimechagua nikeli. Najua ubaya wake: ikikwaruzwa hadi ndani, chuma kinaliwa haraka palepale, wakati zinki ingejitoa kwanza. Kwa hiyo nilitoboa matundu yote kabla ya kuchovya, na nikaomba utando mnene. Fundi wa kuchovya aliniuliza kwa nini naiacha zinki. Nikamwambia nikeli inabaki inang'aa kama sufuria mpya, na watu wangu hawatakuta kitu cha kukihurumia.

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyopita Baba Neema akaja na wenzake, kopo lako mkononi.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, mwanangu. Tumekubaliana boksi jipya tulipake rangi ya marehemu, tumwandike na jina. Mama yako naye karidhia."

"Haiwezekani, baba."

"Ukingo tutauruka."

Wewe ulishindwa kuuruka. Nao wangeshindwa, kwa sababu ileile. Nikashika kopo, nikakataa kuliachia. Waliondoka bila kugusa chai. Mama akanipigia simu: "Unamnyima mdogo wako hata jina?"

Jana boksi limeshuka bila rangi wala jina lako, na kifaa kimewashwa. Baba Neema yuko nalo huko chini. Nikisikia simu inaita, naacha kila kitu.

Leo nimekuja Ushetu na kopo. Nimepaka mlango, nikarudia, nikarudia tena. Mama akatoka.

"Mbona unapaka juu ya rangi? Bado mzima huo."

"Namaliza kopo, mayu."

Kisha akaingia ndani, akarudi na kigoda, akaketi karibu yangu mpaka brashi ikawa inakwaruza bati tupu ndani ya kopo. Nikalisugua kopo kwa mchanga, halikubaki hata tone la mtu kuja kukupendea nalo.

Lala, mdogo wangu. Mlango bado mbichi, mama anapitia uani.

Dada yako, aliyekubeba mgongoni.