Wote wameandika robo

Likoni, Jumanne, Machi 1947

Wiki nzima nawauliza, "Mmefahamu?" na darasa zima hunijibu, "Naam, maalim!" Leo nikawaambia waandike kwenye vibao vyao kipi kikubwa, robo au thuluthi. Wote wameandika robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu!

Nilifoka. Mwanaisha akasimama, macho chini. "Utuwie radhi, maalim. Kukwambia hatujafahamu ni kukosa adabu."

Nikawaambia wafute vibao. Na mkaguzi wa shule yuaja kesho kutwa, akiwauliza haya...

Mwezi uliopita alinieleza, kwa Kiingereza chake cha mbio, namna ya kuzifundisha hesabu hizi. Akaniuliza kama nimefahamu. Nami nikasimama wima, nikamjibu, "Naam, bwana."