Nyumba Ambayo Mama Yuko Shambani

Jumanne, 8 Oktoba
Nimechoka. Nyumba nne leo, tope mpaka magotini. Na kazi yenyewe ni kuwaonyesha wazazi namna ya kucheza na mtoto mdogo, kuongea naye hata kama bado hajibu. Mimi! Shuleni niliogopa hata kuitika jina langu. Kwa Mama Yvette nimekuta tena yuko shambani. Mtoto wake Élysée anakaribia miaka miwili, hasemi hata neno moja. Alikuwa mkekani na baba yake, Musafiri, aliyevunjika mguu katika shimo la dhahabu huko Salamabila. Mama iko kwa muhogo, akasema. Nikaaga bila kuingia. Mwanamume peke yake — sikujua pa kuweka macho.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemwambia Madame Sidonie, msimamizi wetu. Anasema mradi ni wa akina mama. Nyumba ambayo mama haonekani mpaka mwisho wa mwezi itaondolewa, wengine wanangoja nafasi. Ndiyo, madame. Hilo tu nililoweza kusema.

Jumapili, 13 Oktoba
Baada ya misa nimejikaza, nimemwomba Mama Yvette abaki nyumbani Jumanne. Akacheka, si kwa ubaya.
"Mudogo yangu, nikikaa kukusikiliza, muhogo utajilima? Baba ndiye anashinda na mutoto. Mufundishe yeye!"
Na mwenzake aliyesimama naye: "Mwalimu mwenyewe hasemi, mutoto atasema?"
Walicheka mpaka barabarani. Uso wangu ulikuwa moto.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimeingia. Yaani, nimekaa mlangoni, nusu nje, wapita njia wanione. Kusema na Musafiri sikuweza, basi nikasema na Élysée. Huu ni mwiko, nikamwambia. Baba anakoroga na mwiko.
"Mimi nitamwambia nini, mademoiselle? Kwetu mutoto anaanza kusema, ndipo tunamujibu."
Mwambie tu unachofanya, nikasema, nikiutazama mkeka. Kisha akavuta beseni la maji, akatia mchanga, akaanza kumweleza mtoto jinsi wanavyoosha dhahabu. Zungusha. Mwaga. Angalia chini. Élysée akamkazia macho mdomoni. Sijawahi kumwona akimtazama mtu hivyo!

Jumanne, 22 Oktoba
Mvua, kichwa kinauma. Lakini wanaosha "dhahabu" kila siku sasa, na Musafiri hanyamazi. Mtoto akasema "mwa!" na kumimina beseni zima juu ya mguu wa baba yake. Je, ni neno? Musafiri anaapa ni neno. Nimecheka kwa sauti.

Ijumaa, 25 Oktoba
Jirani amemfikia mama yangu. Binti yako anashinda na mume wa mtu, mke akiwa shamba. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jumanne tutakwenda wote. Nikamweleza beseni, nikamweleza "mwa". Aliendelea kutwanga majani ya sombe. Kuna mambo ukiyaeleza yanazidi kuonekana mabaya.

Jumanne, 29 Oktoba
Ninaandika njiani, juu ya jiwe. Tumekuta Madame Sidonie amefika kabla yetu. Musafiri kuona wanawake wawili wakubwa — kimya. Élysée alijificha nyuma yake. Hakuna beseni, hakuna "mwa". Mama yangu alifunga mikono kifuani. Madame akauliza mama wa mtoto yuko wapi, akanituma: kamlete, la sivyo leo naiondoa nyumba hii.

Shamba ni pale baada ya kijito, namwona Mama Yvette ameinama. Nikimwita atakuja. Atakaa mkekani, ataitikia kila kitu, na kesho atarudi kwenye muhogo. Nyumba itabaki. Madame atasema sasa ni vizuri, na Musafiri hataulizwa tena.

Nikirudi peke yangu, lazima niseme kwamba baba anatosha. Mbele ya Madame. Mbele ya mama yangu.

Mama Yvette ameniona, anapunga mkono, anauliza kwa sauti kama kuna shida. Nimemjibu hapana, endelea kulima. Nimesimama. Nageuka kurudi peke yangu, na sentensi ya kwanza bado sina —