Maneno Mawili ya Mamuzeli

Jumatatu, 4 Mei 1953. Bihambwe
Mvua tena. Wagonjwa wengi. Nafasiri hapa dispanseri tangu asubuhi: kikohozi, kuhara, tumbo. Mama yangu akaleta maziwa ya watoto waliolazwa, kama kila siku. Mamuzeli, muuguzi wetu Mwingereza aliyefika baada ya Pasaka, akayapima kwa kijiti chake cha kioo. Akasema "pure". Kisha akanusa chombo cha mti. Akasema si "clean". Nayajua maneno yote mawili tangu shule ya misheni. La kwanza ni kitu kisichochanganywa na kingine. La pili ni kitu kisicho na uchafu. Mama akauliza. Nikamwambia maziwa ni safi, la chombo sikulitaja.

Jumanne, 5 Mei
Amri ya Mamuzeli: kuanzia Jumamosi ni bidoni za chuma tu, chombo cha mti hakipokelewi. Upuuzi! Mama anakiosha, anakikausha, anakifukiza moshi wa majani makavu. Kwetu wafugaji, chombo kisichonuka moshi ni cha mwanamke mvivu. Nimemweleza Mamuzeli polepole. Akajibu harufu ni harufu. Na yeye anakula samaki wa mkebe waliokaushwa kwa moshi! Nimewaona mezani kwake.

Alhamisi, 7 Mei
Mama ameuliza kwa nini Mamuzeli anakunja pua. Nikasema ana mafua. Mwoga mimi. Nafasiri minyoo na kisonono mbele za watu bila haya, neno moja kwa mama yangu linanishinda.

Ijumaa, 8 Mei
Nimemwambia yote jioni, hata amri ya bidoni. "Mama, anasema maziwa haina maji, lakini chombo iko muchafu." Nilidhani atamkasirikia Mamuzeli. Amenikasirikia mimi.
"Siku tano napita mbele ya bantu na hii chombo, na wewe ulijua?"


Jumamosi, 9 Mei
Mama amekuja na chombo kilekile. Akaniamuru nifasiri kila kitu, nisifiche. "Umuambie akuye kwangu, aone vile nasafishaka." Nikasema yote kwa hasira. Mamuzeli akajibu hana nafasi. Hana nafasi! Ya kumtukana mtu anayo. Nikamfasiria mama na jibu hilo. Mama akajitwika chombo chake, akarudi nyumbani na maziwa yake. Watoto wamekunywa uji mtupu. Hilo linaniuma sana.

Jumapili, 10 Mei
Baada ya ibada nimepita kwa mama. Kaka zangu wote walikuwapo. Mimi ndiye kitinda mimba, hunywa wa mwisho, lakini alinimiminia maziwa ya chombo kilekile kabla yao. Habari ya dispanseri hakuigusa. Nikanywa.